Mtoto Anuswe Kwanza

Tangu nistaafu, mke wangu amenikataza jambo moja tu: nisinuse watoto wa wageni. Anasema watu wanakuja kutujulia hali na vichanga vyao, nami badala ya kutoa pongezi naingiza pua shingoni mwa mtoto kama paka aliyepata habari za dagaa. Nimejaribu kuacha, wallahi. Juzi alikuja binti wa jirani na mtoto wake, nikajizuia mpaka chai ikaisha, kisha nikashindwa. Mtoto alikuwa ananukia balamu ya mafua, ile kali ya watu wazima. Nikamwambia mama yake akamwoshe papo hapo. Mke wangu akanitupia jicho ambalo sitalieleza hapa.

Basi nyinyi mliobaki kliniki, mnaonipigia simu kunicheka, utetezi wangu ni huu. Vyeo na mishahara naviruka. Havikuwa vingi hata vikajaza ukurasa. Nitawaeleza nilivyofundishwa kunusa, na aliyenifundisha, na kwa nini mtu mzima mwenye wajukuu hawezi kuacha.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini, kliniki ya watoto hapa Malindi. Nilikuwa kijana wa Mnarani niliyetoka chuoni karibuni, nina cheti cha uuguzi, mashati mawili meupe, na nywele za kali. Nyinyi hamkuziona hizo. Ulitiwa dawa kichwani mpaka nywele zikajikunja, halafu kila asubuhi ukazipulizia maji ya mafuta ili zing'ae. Zangu zilitiririka. Kola ya shati haikuwahi kukauka, na mito yote nyumbani kwa mama ilikuwa na madoa. Lakini nilipopita mjini nilijiona mimi ndiye mimi.

Mkuu wa kliniki alikuwa Sista Saada, mama wa mji wa kale, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha feri ya Kilifi katikati ya maji. Nikamwendea kwa adabu zote.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Wewe ndiye muuguzi mpya au ndiye mwimbaji?"

Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Sista Saada akaninyooshea mtoto mwenye vipele mwili mzima, akaniambia nimweleze amekuwaje. Nikafanya nilivyofunzwa chuoni. Nikasoma kadi, nikamgeuza mtoto mbele na nyuma, nikamwuliza mama yake amempaka nini. Mama akasema hajampaka kitu. Nikaandika: hajapakwa kitu.

Sista Saada akamchukua yule mtoto, akamnusa utosini, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo, kifuani. Alinusa polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

"Kichwani mafuta ya taa," akasema. "Kifuani ubani. Shingoni siki. Nani kampaka mtoto siki?"

Mama akainama. "Mama mkwe."

"Na mafuta ya taa?"

"Shangazi yake. Aliona chawa."

"Umeona?" Sista akanigeukia. "Futa ulichoandika."

Baadaye alinifafanulia, na hili naomba mlishike. Akina mama si waongo. Lakini mtoto wa pwani hapakwi na mtu mmoja. Anapakwa na bibi, na shangazi, na somo aliyemfunda mama yake, na jirani aliyeingia kuazima chumvi. Mama mwenyewe hajui yote, na anayoyajua anaona haya kuyataja mbele ya kijana wa kiume mwenye kichwa kinachodondoka. "Kwa hivyo mtoto anuswe kwanza," akasema, "mama aulizwe baadaye, tena kwa upole."

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: mizani, beseni, vitambaa laini, sabuni ya kawaida isiyonukia, chupa ya mafuta ya nazi matupu, marhamu ya kiberiti kwa upele, na pua mbili, yake na yangu. Yangu ilikuwa bado haina elimu. Kila adhuhuri tulipomaliza foleni alinifunga macho kwa kitambaa, akanipitishia vitu puani: siki, spiriti, karafuu, kafuri, mafuta ya taa, dawa ya mapunye. Nilijibu kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesomeshwa alifu. Siku moja nikanusa, nikafikiri sana, nikasema ng'onda, samaki mkavu. Kilikuwa kiatu chake. Alicheka mpaka akaegemea mizani, na mshale wa mizani ukaenda ambako hakuna mtoto aliyewahi kuupeleka.

Alinifunza pia sababu. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na inakunywa. Ukimpaka kitu leo, kesho kimo ndani ya damu yake. Na kwa kuwa mwili wenyewe ni mdogo, tone ambalo kwako si chochote kwake ni kikombe kizima. Kuna baba mmoja alikuwa na choa mguuni, akapewa marhamu kali ya kubambua ngozi, ikamfaa. Mtoto wake alipotoka vipele vya nepi akaona dawa si ipo nyumbani. Makalio ya yule mtoto yalibambuka kama kiazi cha kuchemsha. Sista Saada alimwita yule baba, akampa marhamu yake mwenyewe, akamwambia aende nyuma ya pazia ajipake mahali pale pale alipompaka mwanawe, ndipo wazungumze. Baba akasema ameelewa, hakuna haja ya pazia.

Tulikuwa na safari za Ganze vilevile, vijijini mbali na bahari, kupima na kuchanja. Huko nilikutana na mtoto mweusi tititi anayeng'aa, nikadhani ni mafuta mazuri. Nikamnusa. Oili chafu, ile inayotolewa kwenye mashine ya kusagia unga. Mtoto alikuwa na upele na bibi yake alimpaka kuanzia shingo hadi nyayo. Nikakohoa kidogo, nikatoa hotuba: mtoto aoshwe kwa maji na sabuni, asubuhi na jioni, nguo zake zifuliwe kila siku. Yule bibi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akakaa chini, akaendelea kucheka.

"Mwanangu," akasema, "na hayo maji utatuletea wewe?"

Maji yao yalikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, yakibebwa kichwani. Hilo halikuwamo katika vitabu vyangu. Sista Saada ndiye aliyeniokoa. Akampa marhamu ya kiberiti, akamwambia kibuyu kimoja cha maji kinatosha, nguo na mkeka vianikwe juani mchana kutwa, na watu wote wa nyumba wajipake pamoja. Bibi akauliza kama oili haiui upele.

"Inaua," akasema Sista Saada. "Na ikipata nafasi inamwua na mwenye upele."

Mjini shida zilikuwa za namna nyingine. Alikuja mama aliyefanya kazi katika hoteli ya watalii, kichanga chake kina mabaka. Kilikuwa kinaogeshwa sabuni ya kung'arisha ngozi, na wakati ule nyingi ya sabuni hizo zilikuwa na zebaki, kitu kinachoharibu figo za mtu mzima sembuse za mtoto. Sista Saada hakumgombeza. Alimwuliza tu: "Unataka awe mweupe ili iweje? Apewe chumba kinachotazama bahari?" Yule mama akacheka hata machozi yakamtoka, na sabuni akaiacha mezani kwetu. Tuliifukia nyuma ya choo.

Basi, hayo yalikuwa ya kila siku. Sasa niwaambie habari za Aziza.

Aziza alikuwa mke wa mtu wa Barani, mtaa wa hapa Malindi, familia iliyotoka visiwa vya kaskazini. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, aligeuka manjano, akafa kabla ya arobaini. Watu wa nyumba wakasema ni kijicho, wakasoma dua, wakanyamaza. Sasa alikuwa amezaa tena, mtoto wa kiume, wakamwita Shee. Akiwa wa siku chache tu alikuja mikononi mwetu, macho manjano, viganja vimekwajuka, na nepi yake ina mkojo wa rangi ya kahawa. Nilipomfunua nepi hiyo Aziza akageuza uso. Alikwisha kuiona rangi ile.

Tukampeleka wodini. Daktari wa watoto alikuwa kijana wa bara, mpole, anayezungumza taratibu kana kwamba kila neno analipima kwanza. Alitueleza kwamba damu ya mtoto inavunjika mwilini. Wako watoto wengi pwani huku, akasema, wanaozaliwa na damu isiyostahimili vitu fulani: baadhi ya dawa za malaria, na vile vidonge vyeupe vya kutia kashani kufukuza nondo na mende. Akamwuliza Aziza kama nyumbani vipo.

"Havipo, daktari."

"Una hakika?"

"Wallahi havipo. Nguo zetu tunazifukiza udi."

Mtoto akaongezwa damu, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Hawakukaa wiki mbili, wakarudi. Safari hii alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Akaongezwa damu tena. Daktari akatuita mimi na Sista Saada pembeni, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza haraka.

"Kiko kitu katika nyumba ile. Hapa anapona, kule anavunjika. Akirudi mara ya tatu sidhani nitamuwahi."

Sista Saada akaenda kitandani, akainama, akanusa. Akaniita. "Karisa, njoo unipe jibu."

Nikanusa shingo ya Shee. "Kafuri," nikasema, na kifua mbele.

"Nusa tena."

Nikanusa tena.

"Kafuri inapanda puani halafu inaondoka," akasema. "Hii imekaa. Umeisikia? Imekaa kama mgeni asiyejua kuaga."

Kweli ilikuwa imekaa. Chini ya ule ubaridi kulikuwa na uzito, kama kabati lililofungwa muda mrefu. Sista akamwuliza Aziza kwa upole wake wote mtoto anapakwa nini. Aziza akajibu bila kusita: mafuta ya mama. Mama mkwe wake, Bi Somoye, alikuwa mkandaji mashuhuri. Nusu ya watoto wa Barani walipita mikononi mwake. Siku zote arobaini mtoto na mama yake hukaa ndani, naye huwakanda asubuhi na jioni kwa mafuta ya nazi aliyoyatia kafuri.

"Hebu niletee hiyo kafuri," akasema Sista.

Kesho yake Aziza akaileta, ameifundika kwenye pindo la leso. Ilikuwa kidonge cheupe, cha mviringo, kimepukutika upande mmoja. Daktari hakuhitaji hata kukigusa. Ndivyo vile vidonge alivyokuwa akiviulizia, vya kashani. Lakini Bi Somoye hakuwa akivitia kashani, na Aziza hakuwa amesema uongo. Ilikuwa hivi: kafuri iliadimika madukani, mwenye duka la kona akatoa hivi badala yake, vyeupe vilevile, vinanukia kupita kafuri yenyewe. Bi Somoye akafurahi kupata kitu chenye nguvu. Akavisaga, akavitia kwenye mafuta vikayeyuka, na mafuta yakavichukua moja kwa moja ndani ya ngozi ya mtoto. Kila mtoto alipozidi kuugua, bibi naye akazidisha kumpaka. Hata kafuri ya haki si kitu cha kichanga, inaweza kumtia degedege. Hii ilikuwa mbaya zaidi.

"Amekuwa akivitumia tangu lini?" nikauliza.

Aziza akafungua mdomo ajibu. Akahesabu kitu kichwani, kisha akauziba mdomo kwa leso. Sote tulielewa. Mtoto wa kwanza alipakwa mafuta yale yale.

"Msimwambie mama," akasema alipoweza kusema. "Nawaomba kwa jina la Mungu. Alimlilia yule kuliko mimi niliyemzaa. Akijua atakufa."

Daktari hakupenda. Alisema bibi lazima aambiwe kweli, wazi, kwa heshima, kwani ndiye anayepaka. Hakuwa na kosa, na mimi nilikuwa upande wake. Sista Saada akatutazama sote wawili.

"Mkimwambia, atafanya moja katika mawili," akasema. "Atawaamini, azimie hapo hapo. Au hatawaamini, na mtoto akirudi atampaka kwa siri ili awaonyeshe. Mimi Somoye namjua. Tumecheza kibe pamoja utotoni. Niachieni."

"Utamwambia nini?" daktari akauliza.

"Wewe tibu damu, daktari. Mimi nitatibu bibi."

Tukaenda Barani siku ile ile pamoja na Aziza, Shee akibaki wodini mikononi mwa daktari. Mimi mwanamume sikuweza kuingia ndani, nikaketi ukumbini na kahawa chungu, pazia likiwa limenitenga nao. Lakini nimekwisha kuwaambia sauti ya Sista Saada ilivyo. Walisalimiana, wakaulizana watu wa kila nyumba tangu wazee wao, wakalaumiana kutotembeleana. Kisha Sista akashusha sauti, yaani ikawa kama ya mtu wa kawaida.

"Somoye, nimekuja kwa wasiwasi. Juzi Aziza alipokuja na mtoto, nimeipata harufu yake tangu langoni. Sijamwona, sijamsikia, nimekwisha kujua hapa pana kichanga."

"Ni mafuta yangu hayo," akasema Bi Somoye kwa fahari.

"Mazuri, nani asemaye mabaya? Lakini nimejiuliza. Mtoto tunamficha ndani siku arobaini asionwe, sivyo? Tunamfunika, tunamtia wanja ili asipendeze. Sasa harufu yake inatoka dirishani, inakwenda barabarani inampigia mbiu. Ikiwa mimi nimeipata, mwenye kijicho anaikosaje?"

Nikashika kikombe bila kunywa.

"Mama zetu walipaka nazi tupu, Somoye."

"Nazi tupu," akasema Bi Somoye polepole.

"Na nguo wakazianika jua. Mtoto hakuwa na harufu ila ya maziwa. Nani angejua kama yupo?"

Nikasikia chupa ikivutwa kutoka uvunguni, na sauti ya Bi Somoye, kali, ya mtu aliyekwisha kukata shauri: "Aziza! Mtoto yule kuanzia leo asinukie! Nguo zote nje!"

Nilipotoka pale nilimwuliza Sista Saada kama haoni haya kumdanganya mtu mzima. Akaniuliza kama nimeona nguo zikianikwa. Nikasema nimeziona. Akasema basi na haya ataiona akipata nafasi.

Alichokuwa hakukitarajia ni juhudi za mwenziwe. Bi Somoye alihamia wodini na kiti chake. Akakaa kando ya kitanda cha Shee, na kila aliyekaribia akanuswa. Mfagiaji alirudishwa kwa sababu ya dawa ya sakafu. Shangazi mmoja alirudishwa kwa marashi aliyojipaka harusini siku mbili nyuma. Mwanawe mwenyewe, baba wa mtoto, aliambiwa akaoge tena. Daktari alipokuja akainama yeye mwenyewe anuswe, masikini, akapitishwa kwa sharti la kunawa mikono. Na wodi ile haikuwahi kuwa na mikono safi kama wakati ule, hilo daktari alilisema mwenyewe.

Kisha nikaja mimi, na chati mkononi. Bi Somoye akaninusa kwa mbali, hakuhitaji kukaribia.

"Wewe. Kichwani una nini?"

"Ni mafuta ya nywele, mama."

"Yanadondoka."

"Kidogo, mama."

"Yatamdondokea mjukuu wangu. Toka."

Nikamtazama Sista Saada anisaidie. Alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yakitikisika. Jioni ile nikaenda kwa kinyozi. Sitasema zaidi, ila kinyozi alipomaliza aliniuliza kama nimefiwa. Asubuhi nilipoingia wodini na kichwa kitupu Bi Somoye akaninusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanisogezea kiti.

Shee alipona. Mkojo ukarudi kuwa maji, viganja vikapata rangi, na kilio chake kikawa cha mtoto anayedai haki yake. Akarudi Barani, na hakurudi tena wodini. Arobaini yake ilipofika tuliletewa sinia la mkate wa sinia na kaimati, na Sista Saada akala kama aliyeshinda uchaguzi. Kuhusu duka la kona, alikwenda yeye na daktari, wakazungumza na mwenye duka mlango ukiwa umefungwa. Kuanzia hapo vile vidonge viliwekwa rafu ya juu kabisa pamoja na sumu ya panya, na aliyeviulizia alihojiwa kama mtu wa forodhani.

Ingeweza kuishia hapo, na kwa muda mrefu nilidhani imeishia. Nilikuwa nikiisimulia kwenye vikao, hasa sehemu ya kinyozi, na watu wakicheka.

Shee alikwisha kuwa anatembea Bi Somoye alipokuja kliniki siku moja. Sista Saada hakuwapo, alikuwa Kilifi kwenye mkutano. Foleni ilikuwa imekwisha. Bi Somoye akakaa kwenye benchi, yule mtoto akienda huku na huku akigonga milango ya makabati. Nikamwamkia, akaitika, akanitania kuhusu kipara changu. Kisha akasema, bila kubadili sauti:

"Siku ile Saada alipokuja na maneno yake ya kijicho na harufu, nilijua ananifanyia mchezo."

Nikaweka kalamu chini.

"Saada mimi namjua tangu anakojoa kitandani. Hajawahi kuogopa kijicho maishani mwake, yeye ndiye anayekitia. Lakini nilimtazama uso. Nikasema, huyu kaja kunidanganya na machozi yanamlenga. Nikakubali, kwa ajili ya mtoto. Kisha nikawa najiuliza, ananidanganya kwa nini? Kunificha nini?" Akamvuta Shee, akamfuta makamasi kwa pindo la leso. "Mwezi huu nimekwenda dukani. Nimeona vile vidonge vyangu vimewekwa na sumu ya panya."

Utani wote ninaoujua ulinitoka. Nilitamani Sista Saada aingie na sauti yake, aseme lolote.

"Huyu alikuwa na dada yake," akasema Bi Somoye. "Zainabu. Jina la mama yangu. Nilimpaka kwa mikono hii, asubuhi na jioni. Niambie kweli, mwanangu. Ni mimi?"

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, ungetosha. Lakini alikuwa ameniomba kweli, naye alikwisha kudanganywa mara moja akavumilia.

"Yawezekana, mama," nikasema. "Sikumwona, sikumnusa, siwezi kusema ni hakika. Lakini yawezekana."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole, akiitazama mikono yake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye ndiye aliyenipa pindo la leso, lile lile la makamasi ya Shee. Kisha akasimama, akamshika mjukuu wake mkono, akanishukuru, akaondoka.

Siku ya kliniki iliyofuata nilifika nikamkuta mlangoni kabla hatujafungua. Alikuwa amekuja na akina mama sita wa Barani na vichanga vyao, wote aliokuwa akiwakanda wakati ule, amewapanga kwenye benchi kwa mstari.

"Haya, anza," akaniambia. "Na usimruke hata mmoja."